Kiasi Hulindwa na Ndugu

Katika mafundisho ya Kikristo, kiasi ni uwezo wa mtu kuzitawala tamaa zake ili zisije zikamtawala yeye, na Mtume Paulo anakitaja mwishoni mwa tunda la Roho katika Waraka kwa Wagalatia, jambo linaloonyesha kwamba hakitokani na ukakamavu wa tabia peke yake. Hata hivyo, mahubiri mengi hukieleza kana kwamba ni vita vya mtu mmoja na nafsi yake, na hapo ndipo waumini wengi hushindwa, kwa kuwa hawakuumbwa kupigana peke yao.

Ugumu wa vita hivyo unaonekana Gatsata, sekta ya Wilaya ya Gasabo iliyo kaskazini mwa Jiji la Kigali, kando ya bonde la Nyabugogo, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa gereji na maduka ya vipuri. Fundi wa gereji aghalabu hulipwa taslimu gari linapotoka, hivyo siku ya neema hushika fedha za wiki nzima jua likizama, huku njia ya kwenda nyumbani ikipita penye baa. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 serikali iliamuru baa zifungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku wikendi, lakini aliyelipwa saa kumi na mbili jioni anaweza kuwa amezimaliza zote kabla amri hiyo haijamfikia.

Msaada wa karibu zaidi ni ikimina, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho mara nyingi huundwa na majirani au waumini wa kanisa moja. Katika vikundi vingi vya namna hiyo fedha huhifadhiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, ili lisifunguliwe ila wamekutana, na kila mchango uhesabiwe mbele ya macho ya wote. Wataalamu wa uchumi huliita sanduku hilo chombo cha akiba, nao wamesema kweli. Lakini ni shule ya kiasi vilevile, maana mwanachama anakiri kwa vitendo kwamba hajiamini akiachwa peke yake na fedha zake, na hakuna kiasi bila unyenyekevu huo.

Wanyarwanda walikwisha kuionja hekima hiyo katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka miaka ya 1930 katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa nchi, baada ya daktari Joe Church kukutana na Simeoni Nsibambi mjini Kampala mwaka 1929. Waliookoka, walioitwa Balokole nchini Uganda, walikutana katika vikundi vya ushirika na kuungama waziwazi ulevi, wizi na chuki, wakiamini kwamba dhambi iliyotajwa mbele ya ndugu hupungukiwa nguvu. Haifai kuficha kwamba maungamo hayo wakati mwingine yaligeuka fimbo ya kuwaaibishia wanyonge, lakini kasoro hiyo haiufuti ukweli kwamba walevi wengi waliacha pombe kwa kushikwa mkono.

Kujinyima nako huhitaji mlinzi. Yohane Kasiano, mwandishi wa karne ya 5, anasimulia habari za Heroni, mtawa wa jangwa la Misri, aliyefunga kwa ukali miaka 50 na kukataa kula pamoja na ndugu hata siku ya Pasaka, mwishowe akajitupa kisimani akiamini ahadi ya yule aliyemdhania kuwa malaika kwamba hangedhurika. Kenya iliona jambo la kutisha zaidi mwaka 2023, pale miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, wengi wakiwa wamekufa njaa kwa kuambiwa kwamba mfungo ungewakutanisha na Yesu. Walikuwa kundi, naam, lakini walitengwa msituni, mbali na jamaa ambao wangeweza kuwahoji.

Kinyume cha mifungo hiyo, kanuni za Kanisa Katoliki huwataka wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa kuruhusiwa mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, huku wagonjwa wakisamehewa. Fundi anayeshinda akiinua injini anaweza kuushika mfungo huo na bado akafanya kazi yake.