Redio Isikiayo Bila Kusikika

Askari yeyote aliyepata kubeba simu ya upepo mgongoni aijua hofu hii: wamsikia mwenzio barabara, wamwita, naye haitiki. Waita tena, kimya. Kasoro hiyo haiko jeshini peke yake. Imo pia katika redio kongwe za raia wa Marekani, zijulikanazo kwa herufi CB, ambazo mafundi wa huko wanazifufua hadi leo. Na namna wanavyoitafuta yafaa kuangaliwa na kila mwanamawasiliano.

Redio hizo zilipewa masafa ya megahezi 27 mnamo mwaka 1958, zikawa na chaneli 23, ili mkulima, fundi na mwenye duka wazungumze bila kufanya mtihani wa mitambo. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, na mwendo wa magari ukapunguzwa mwaka uliofuata hadi maili 55 kwa saa, yaani kilometa 88 hivi, madereva wa malori walizipenda mno: kuulizana penye mafuta na, tusifiche, kuonyana penye polisi. Askari wa barabara kuu walipachikwa jina la "Smokey", kwa kuwa kofia zao zilifanana na ile ya dubu wa matangazo ya kuzuia moto wa misitu. Hata hivyo baadhi ya polisi wa majimbo walifunga redio zizo hizo katika magari yao ya doria, kwa maana chaneli ya 9 ilitengwa kwa ajili ya maafa na msaada wa njiani. Watu wa kujitolea wa chama cha REACT, kilichoanzishwa mwaka 1962, walikaa zamu kuisikiliza.

Tarehe 1 Januari 1977 chaneli ziliongezwa zikawa 40, na zile redio za chaneli 23 zikaanza kurundikwa stoo. Ndizo zinazofufuliwa sasa.

Fundi mwenye adabu haziwashi mara moja. Kwanza hutazama fyuzi. Redio nyingi ziliungua kwa sababu mwenyewe aligeuza waya za betri. Fyuzi ikakatika kama ilivyopasa, naye badala ya kutia nyingine akazungushia karatasi ya sigara. Hapo diodi ya ulinzi huwa imekwisha, na mara nyingine transista pamoja nayo. Kapasita zenye majimaji ndani hukauka kwa umri, sauti ikawa ya mvumo. Hizo hung'olewa na kutiwa mpya, kwa kuangalia sana upande wa chanya na wa hasi.

Kazi yenyewe imo katika kristali. Redio nyingi za chaneli 23 zina kristali 14: sita zinazotumika kwa kupokea na kurusha pia, nne za kupokea tu, na nne za kurusha tu. Kila chaneli hupatikana kwa kuchanganya moja ya zile sita na moja ya zile nne. Tulipokuwa kadeti, mkufunzi wetu alitutaka tuandike dalili zote kabla ya kugusa bisibisi, nasi tukamwona msumbufu. Hapa ndipo tungemwelewa. Zikifa chaneli nne zilizofuatana, tuseme 5 hadi 8, kosa liko katika moja ya zile sita. Zikifa kwa kurukaruka, 1, 5, 9, 13, 17 na 21, kosa ni la moja ya zile nne. Na ikiwa ni ya kurusha, basi redio itapokea vizuri chaneli zote 23, bali katika hizo sita haitatoa neno. Katika redio ambazo taa ya kurusha hufuata kitufe tu, taa itawaka kama kawaida. Mtu aliyepinduka na gari usiku ataita katika chaneli ya 9, atawasikia wengine wakizungumza, na hakuna atakayejua kwamba yupo.

Lakini kristali isihukumiwe upesi. Swichi ya chaneli yenye kutu huleta dalili zile zile, na kuisafisha kwa dawa ya kusafishia swichi ni kazi ya dakika chache, ilhali kristali ya kurithi nafasi ile huenda ikabidi itolewe katika redio nyingine iliyokufa.

Wapo wanaokaza skrubu za koili ili redio ivuke wati 4 zilizoruhusiwa. Sisi hatuwasifu. Mawimbi ya megahezi 27 yakilazimishwa huzaa wenzao wa megahezi 54, na hapo hasa ndipo ilipoanzia chaneli ya 2 ya televisheni ya Marekani ya enzi hizo. Picha ya jirani ilivurugika, na lawama zikaifikia kila redio ya mtaa. Isitoshe, koili hizo huzungushwa kwa bisibisi ya plastiki, kwani ya chuma hubadili kipimo na hupasua kiini chake.

Kabla ya kufunga antena fundi huweka resista ya omu 50 mahali pake, kwa maana kurusha mawimbi bila chochote huweza kuiunguza transista ya mwisho. Baada ya hapo huiweka redio ya pili ng'ambo ya uwanja na mtu wa kuisikiliza, akaita chaneli moja moja, kuanzia ya 1 hadi ya 23, akisubiri jibu kwa kila moja kabla ya kugeuza swichi.