Kufundisha watoto fidla: Mtaji mdogo, subira kubwa

IGOMA hujulikana kwa soko lake, maduka ya bidhaa mchanganyiko na daladala za barabara ya Musoma, si kwa fidla. Hata hivyo, kwa kijana anayekijua vizuri chombo hicho, ambacho wengine hukiita violini, kufundisha watoto wadogo ni kazi ya kujiajiri isiyohitaji fremu ya duka wala mtaji mkubwa.

Kinachohitajika ni ujuzi, na hapo hakuna njia ya mkato. Mtoto aliyeshikishwa upinde vibaya mwaka wa kwanza hutumia miaka kuliondoa kosa hilo, na mzazi hujikuta amelipia hasara.

Fidla si ngeni nchini. Zanzibar imepigwa kwa miongo mingi katika vikundi vya taarab, kikiwemo Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Bara kuna nduguye, zeze, ambalo marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma alilitembeza duniani. Aliyezoea zeze tayari anajua jambo gumu kuliko yote: sauti hutafutwa kwa sikio, kwa kuwa hakuna alama ya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole.

Anayetaka kujifunza anaweza kuanzia katika chuo cha muziki cha Zanzibar, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002 na ambacho fidla ni miongoni mwa vyombo vinavyofundishwa. Chuo hicho pia kina funzo la biashara. Mwaka 2019 kilikuwa hatarini kufungwa baada ya misaada ya wafadhili kupungua, kwani karo za wanafunzi pekee hazikutosha kukiendesha. Mwalimu binafsi naye apange gharama zake kwa ada anayolipwa, si kwa msaada anaoutarajia.

Kuanza na boksi

Njia inayotumika sana kwa watoto ni ya Mjapani Shinichi Suzuki (1898-1998). Aliona kuwa kila mtoto hujifunza lugha ya mama kwa kusikia kabla ya kusoma, akafundisha muziki vivyo hivyo. Mtoto huanza akiwa na miaka mitatu au minne, husikiliza wimbo kila siku, na nota huja baadaye. Mzazi hukaa darasani ili asimamie mazoezi nyumbani.

Wiki za mwanzo mtoto anaweza kutumia boksi la karatasi ngumu na kijiti, akajifunza kusimama na kushika. Hivyo mzazi hatoi fedha kabla ya kuona kama mtoto ataendelea.

Baada ya hapo huja suala la ukubwa. Fidla za watoto huuzwa kwa vipimo: sehemu ya kumi na sita, ya nane, robo, nusu na robo tatu. Mtoto hunyoosha mkono wa kushoto, na kichwa cha fidla kifike kwenye kifundo au kiganja bila kuulazimisha mkono. Kumnunulia kubwa "ili akue nayo", kama sare ya shule, ni kosa: humchosha bega na kumkatisha tamaa.

Kwa kuwa mtoto huihama fidla ndogo baada ya muda mfupi, mwalimu mwenye fidla mbili au tatu anaweza kuzikodisha. Mtoto akikua, chombo hurudi na kupewa mwingine.

Hesabu yake

Kipindi cha mtoto wa miaka minne au mitano kisizidi nusu saa. Tuchukulie mfano wa watoto 10, kila mmoja vipindi viwili kwa wiki, kwa Sh 3,000 kwa kipindi. Kwa vipindi vinane kwa mwezi, mapato ni Sh 240,000. Kazi hiyo ni saa 10 tu kwa wiki, jioni na Jumamosi, hivyo asubuhi hubaki kwa duka au shamba.

Lakini watatu wakiacha, mapato hushuka hadi Sh 168,000. Likizo za Juni na Desemba nazo hupunguza wanafunzi, hivyo ni busara kuhesabu miezi 10 badala ya 12. Humo zitoke nauli, nyuzi za akiba na ulimbo mkavu wa msonobari unaopakwa kwenye nywele za upinde.

Igoma pekee huenda isitoe watoto 10 mwanzoni. Mwalimu asione taabu kwenda Isamilo au Capri Point, wala kuzungumza na shule za awali na kwaya za makanisa, ambako wazazi wanaothamini muziki hupatikana. Nauli ya safari hizo iingizwe kwenye ada tangu mwanzo.

Ada ilipwe mwanzo wa mwezi, na makubaliano yaandikwe: kipindi alichokosa mtoto kinafidiwa au la, na nani atalipia fidla ikivunjika. Mafunzo yafanyike mahali pa wazi, mzazi au mlezi akiwepo. Hilo humlinda mtoto, na humlinda mwalimu pia.

Utunzaji wa chombo ni sehemu ya mtaji. Gundi ya fidla huachia kwenye joto kali, hivyo isiachwe ndani ya gari lililofungwa wala juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari. Upinde ulegezwe kila baada ya kupiga.

Anayeanza apate namba ya mlipakodi TRA, na amuulize afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu usajili wa kazi za sanaa. Kisha aanze na watoto wawili au watatu. Wakipiga vizuri kanisani au shuleni, hao ndio watakaomtangaza kwa wazazi wengine.