Kirutubisho cha hamira si mbolea

Hamira na chachu hutumiwa kana kwamba ni neno moja, na penye mkate haidhuru sana. Hamira, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja kuvu yenyewe ya seli moja, ile inayouzwa dukani ikiwa kavu. Chachu ni pana zaidi: ni chochote kinachochachusha, hata donge la unga wa jana. Katika maelezo ya kutengeneza mvinyo, ambamo kuvu hiyo hulishwa, hamira ndilo neno salama. Ingawa ina uhai, hubaki katika ngeli ya I-/ZI-: hamira inakula, si hamira anakula.

Hamira hula sukari na kutoa alkoholi, lakini haishibi kwa sukari pekee. Huhitaji pia naitrojeni na vitamini. Maji ya rosela yaliyotiwa sukari, ambayo wengi hutengenezea mvinyo nyumbani, huwa na naitrojeni kidogo kuliko juisi ya zabibu za Dodoma. Naitrojeni ikipungua, mchachuko huweza kukwama kabla sukari haijaisha, au mvinyo ukanuka yai viza. Ndiyo maana huongezwa virutubisho vya hamira, aghalabu kwa mafungu, tangu mchachuko uanzapo hadi theluthi moja ya sukari iliwe. Baadaye alkoholi huizuia hamira kuvifyonza.

Hapo ndipo mfasiri awezapo kudhuru watu. Kirutubisho kimojawapo ni chumvi ya amonia na fosfati, ambayo kifupi chake ni DAP. Mkulima wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, akisoma "tia DAP", atafikiria mfuko wa mbolea ya kupandia katika duka la pembejeo. Hawezi kulaumiwa, kwani hilo ndilo jina la mbolea hiyo. Lakini mbolea ya shambani haikusafishwa ili inywewe, na yaweza kuwa na metali nzito kama kadimi. Kwa hiyo "mbolea ya hamira", hata likivutia vipi, ni tafsiri ya kuepukwa. Iandikwe: "kirutubisho cha hamira (DAP ya daraja la chakula, si mbolea ya shambani)".

"Kurutubisha mvinyo" nako ni kosa, maana kinacholishwa ni hamira. Na vitenzi visichanganywe: mvinyo unaochachuka uko kazini, uliochacha umeharibika.