Vinara wa Ukoo wa Pilipili Manga

Peperomia ni ndugu wa pilipili manga na tambuu, na jenasi yake ina spishi zaidi ya 1,000. Nyingi hukaa kivulini msituni. Ninazozipenda mimi ni zile chache za majani manono, zinazohimili ukame kwenye miteremko ya Peru na Ecuador.

Kwa ubunifu, taji nampa Peperomia dolabriformis wa Peru, aliyeelezwa na mtaalamu wa mimea Kunth mwaka 1816. Jani lake limekunjwa kwenda juu hadi pande mbili zikashikana, likabaki bapa la shoka. Pale juu pande zinaposhikana pana mstari unaopenyeza mwanga: hilo ni dirisha. Jua huingia humo, hupita kwenye tishu iliyojaa maji, kisha hufikia seli za kijani zilizo ndani. Kwa njia hiyo mmea hupata mwanga bila kuanika jani zima juani na kupoteza maji. Ukitaka kuzitambua peperomia za aina hii, tafuta kwanza mstari huo.

Mdogo kwa majani ni Peperomia columella, naye wa Peru. Jani lake halifiki sentimeta moja, na majani yamebanana hadi shina likawa nguzo. Anayependeza zaidi kwa rangi, kwa macho yangu, ni Peperomia graveolens wa Ecuador: juu kijani, chini wekundu wa damu ya mzee. Ila akichanua, msogeze mbali na meza ya chakula, maana maua yake hunuka mkojo wa panya.

Maua ya peperomia yenyewe ni miongoni mwa yaliyopunguzwa mno: hayana petali wala sepali, bali stameni mbili na ovari moja, yamepangwa kwa mamia kwenye kijiti chembamba. Hata hivyo ndani yake mna maajabu. Mwaka 1899 mtaalamu wa mimea Douglas Campbell alichapisha habari za mfuko wa kiinitete wa Peperomia pellucida: una viini 16, ilhali mimea mingi ya maua ina 8. Mmea huo huota kama gugu penye unyevu na kivuli, hata huku kwetu Afrika Mashariki.

Kinachoua peperomia nyingi za majani manono ni maji ya ziada. Changanya changarawe au mchanga mkavu wa mtoni na mboji kidogo; mchanga wa pwani una chumvi, uache. Tumia chungu kidogo chenye tundu, ukiweke penye mwanga mwingi lakini si jua kali la mchana. Ukitaka kuzidisha, kata kipande cha shina, kiache siku chache kidonda kikauke, ndipo ukipande. Na kabla ya kumwagilia, bonyeza jani taratibu: likiwa bado gumu, weka kopo chini.