Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kuikinga Bunduki ya Upepo na Kutu Katika Mwambao

Makala haya yanaeleza namna ya kuihifadhi bunduki ya upepo katika nyumba zilizo karibu na bahari, mfano wetu ukiwa Nyali, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba adui wa chuma hatoki nje tu. Mara nyingi sisi wenyewe humfungia ndani.

Waswahili husema kwamba kutu hula chuma. Usemi huo una ukweli wa kisayansi: chuma, maji na oksijeni vikikutana, chuma hugeuka kuwa kutu, na kilicholiwa hakirudi. Si lazima mvua inyeshe. Hewa ya Nyali ina unyevu mwingi, na upepo wa bahari huleta chumvi, ambayo huvuta unyevu na kuharakisha ulaji huo.

Ushahidi tunao jirani, kisiwani. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, nayo ikachimbuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Chuma kilichotolewa baharini namna hiyo hakikaushwi tu kikaachwa. Chumvi iliyopenya hukipasua kikishapata hewa. Sharti chumvi itolewe kwanza.

Kwetu tulijifunza hayo kwa hasara. Bunduki ya marehemu babu, aliyoimiliki kwa kibali, ilipakwa mafuta ikatiwa katika ala ya ngozi. Mwaka mmoja baadaye tulikuta mtutu una vijishimo upande ule uliolalia ngozi. Mafuta yalikuwa yamefunika chumvi ya jasho la vidole, na ngozi ilikuwa imetunza unyevu. Ala tuliyoiamini ndiyo iliyokuwa nguo ya methali.

Basi utaratibu ufaao ni huu. Kwanza, hakikisha bunduki haina risasi wala haijakokwa, kwani kuiacha imekokwa hudhoofisha pia springi. Pili, futa chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ukikaushe papo hapo. Tatu, paka utando mwembamba wa mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yasitumike, maana huchacha. Mafuta yasitiwe katika chumba cha mgandamizo, kwa kuwa hewa inapobanwa hupata joto kali linaloweza kuyawasha. Nne, iweke nje ya ala, katika kabati la kufungwa kwa ufunguo, pamoja na vifuko vya silika kama vile vya maboksi ya viatu vipya. Vikishiba unyevu, vibadilishwe. Tano, ikague kila mwezi, na uifute kila baada ya kuishika.

Kwa kuhitimisha, kufunika si kuhifadhi. Mtutu wa babu hautarudi ulivyokuwa. Lakini msomaji aliye na chuma cha kurithi, kiwe bunduki, jambia au cherehani, angali na nafasi ya kukifunua leo akakitazama.