Mpunga wa Idete na Makadirio ya Mavuno



Kila msimu wa karafuu ukimalizika, swali linalofuata majumbani mwetu ni la mchele: tununue magunia sasa, au tungoje bei ishuke? Wengi wetu huamua kwa kusikiliza redio. Ikisemwa kwamba bara mavuno yatakuwa mema, fedha huwekwa. Ikisemwa ukame, watu hukimbilia dukani. Wala si jambo dogo, kwani Julai 2023 India ilizuia mchele mweupe wa kawaida usitoke nchini mwake, na zuio hilo halikuondoshwa mpaka Septemba 2024. Mchele wa bara ukawa ndio tegemeo la wengi. Basi tumeona inafaa kueleza namna mavuno yanavyokadiriwa, na kwa nini ukame na joto huvuruga hesabu. Mfano wetu ni Idete.

Idete imo katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, upande wa njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Nyuma yake pana milima ya Udzungwa, na mbele nchi huteremka hata mbugani mwa mto Kilombero, ambao maji yake huishia Rufiji. Mpunga wa mvua hupandwa kati ya Desemba na Februari, ukavunwa tangu Mei hata Julai. Ukitazama ramani utadhani mashamba yote ni mamoja, lakini sivyo. Liko shamba la juu litegemealo mvua peke yake. Liko lipatalo maji ya vijito vya mlimani. Na liko la chini kabisa, penye mafuriko. Mwaka wa mvua haba la juu hukauka, na la chini, ambalo mwaka mwengine lingezama, huenda likazaa vizuri. Mkulima aliyeyazoea maji ya bonde lile hapendi kuweka mbegu yake yote mahali pamoja.

Sasa, makadirio yote, yawe ya bwana shamba aendaye kwa miguu au ya setilaiti, ni hesabu ya kuzidisha: eka ngapi zimelimwa, na kila eka itatoa kiasi gani. Namba ya kwanza huweza kupimwa mapema. Ya pili ndiyo yenye matata, kwa sababu mwezi wa Februari mpunga ungali majani tu. Mkadiriaji hana budi kuchukua wastani wa miaka iliyopita, kisha auongeze au aupunguze kwa kadiri ya mvua.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 1979 njia moja ambayo ingali yatumika, nayo yafanana na daftari la duka. Kila siku 10 huandikwa mvua iliyonyesha, ndiyo mapato. Na maji ambayo mmea umeyahitaji, ndiyo matumizi. Unyevu uliobaki ardhini ndio akiba. Mmea ukikosa maji, deni huandikwa, na mwisho wa msimu deni hugeuzwa kuwa upungufu wa mavuno. Twaipenda njia hii kwa uwazi wake. Lakini mvua iliyopimwa Ifakara mjini siyo lazima iwe imenyesha Idete, na maji yashukayo mlimani hayamo daftarini. Tena daftari la siku 10 halioni jambo litokealo kwa saa moja.

Na saa hiyo moja ndiyo kubwa. Hapa sisi watu wa karafuu yatupasa tutulie, maana mazoea yetu yaweza kutupoteza. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka; likishafunguka, thamani imepotea. Mpunga ni kinyume: kabla ua halijafunguka hakuna kitu. Kila punje ni ua moja dogo, nalo hufunguka kabla ya adhuhuri kwa muda wa saa moja hivi au mbili, likafunga. Katika muda huo chavua, yaani lile vumbi la ua, lazima idondoke na kushika. Joto likizidi nyuzi 35 za sentigredi wakati huo, chavua nyingi haidondoki sawasawa, na punje huwa pepe. Majani hubaki kijani kibichi. Setilaiti, ambayo hupima ukijani, husema shamba ni zuri. Mwenye shamba ndiye atakayejua baadaye, aonapo masuke yamesimama wima badala ya kuinama.

Ukame huzidisha balaa hilo. Mmea wenye maji hutoa jasho kama mtu, ukapoa. Ukikosa maji hufunga vitundu vya majani yake, na joto lake hupanda. Katika mahindi jambo hili limepimwa: uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, wa majaribio zaidi ya 20,000 barani Afrika, ulionyesha kwamba kila uzi mmoja wa joto uliozidi 30 kwa siku moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 mvua ikiwa nzuri, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Na usiku nao una hesabu yake. Huko Ufilipino, katika kituo cha utafiti wa mpunga, ilionekana mwaka 2004 kwamba usiku ukizidi joto kwa uzi mmoja, mpunga wa kiangazi hupungua kwa asilimia 10. Kwa Idete, sisi twaona hatari kubwa si jua peke yake, maana masika huleta mawingu. Hatari ni masika kukatika pale mpunga una mimba au unachanua.

Mbegu za mafuta zina tabia yake. Ufuta hustahimili kiu kuliko mpunga, ila maji yakituama hufa. Alizeti ya Singida na Dodoma ikishikwa na joto wakati wa kujaza mbegu, mafuta hupungua. Kwa hiyo magunia yaweza kutimia na madebe yasitimie.

Wazee wataukumbuka Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, wakapanga eka 3,210,000. Kongwa mvua haikufuata karatasi, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oki. Januari 1951 mpango ulifungwa, khasara ikitajwa kuwa pauni milioni 36.

Kwa hiyo msikiapo makadirio, ulizeni kwanza tarehe. Ya Februari ni khabari ya eka na mvua; ya Mei, yaliyopimwa kwa kukata kipande cha shamba na kukipima kwenye mizani, ni khabari ya punje. Na Chama hakitanunua mchele wa pamoja kabla ya khabari hizo za Mei kufika. Atakaye kushiriki ajiandikishe kwa katibu wa tawi lake, aseme magunia mangapi.