Nguo Zikianza Kupwaya: Kuvaa kwa Heshima Wakati Mwili Unapungua na Boom ni Ileile

Ushauri wa kupunguza uzito tumeshapewa wa kutosha: punguza wanga, acha soda, tembea. Ambacho hatuambiwi ni kwamba ukifanikiwa, kabati lako lote linakugeuka. Sketi inashuka, bega la shati linaangukia kwenye mkono, suruali unaishikilia kwa mkono mmoja ukipanda ngazi kwenda kwenye kipindi. Mimi nimetoka kilo 94 hadi 71 kwa miezi kumi na moja, kwa makusudi na kwa kufuatiliwa kliniki. Hiyo ni kama nusu kilo kwa wiki, ambayo ni kasi salama. Katika muda huo nimepita saizi nne za nguo.

Naandika haya nikiwa Simbo, kwetu Kigoma, kwenye mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wa ualimu mnajua: ukivuta sketi juu kila unapogeukia ubao, kidato cha pili hawakusikilizi tena, wanasubiri ianguke. Kwa hiyo naeleza hapa jinsi ya kuvuka kipindi hiki bila kumaliza hela ya kula.

Kwanza kliniki, halafu fundi

Kama unapungua na hukupanga kupungua, acha kusoma makala ya nguo, nenda ukapime. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu, na vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara huku unakonda inaweza kuwa kisukari. Nguo kupwaya ndiyo dalili ambayo wengi tunaiona kabla hata ya kupanda mzani.

Kwa nini usingoje mpaka ufike mwisho

Wengi husema, "Nikifika kilo ninazotaka ndipo nitanunua." Tatizo ni kwamba huku kwetu mtu aliyenenepa anaambiwa mambo yake mazuri, na aliyekonda anaulizwa anaumwa nini. Bibi mmoja jirani aliniita pembeni: "Mjukuu wangu, unatumia dawa?" Hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu ya miaka mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kabla jina hilo halijazoeleka watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Wenyewe Waganda waliuita Slim, yaani kukonda. Nguo na kukonda vilishaingia kwenye hadithi moja kabla sisi hatujazaliwa.

Nilichokiona ni hiki: watu hawasomi kilo zako, wanasoma nguo inavyokukaa. Siku nilipoingia kwa jirani huyohuyo na gauni lililobanwa vizuri, aliniambia, "Umependeza, mjukuu wangu." Kilo zilikuwa zimepungua zaidi ya siku ile ya maswali.

Vaa nguo zinazopungua na wewe

Wakati mwili unatembea, nguo za zipu na vifungo ndizo zinazokutupa mkono mapema. Zinazodumu ni za kamba, za lastiki na za kujifunga. Sisi watu wa Kigoma hapa tuna bahati, vitenge vinavuka ziwa kutoka Kongo. Pisi moja ni yadi 6, karibu mita tano na nusu. Gawana na mwenzako wa chumbani, kila mtu yadi 3, umshonee fundi sketi ya kujifunga inayozunguka kiuno na kupita. Ukipungua inchi mbili, unavuta kamba tu. Sketi moja ya namna hiyo imenitoa kilo 88 mpaka leo.

Kanga doti moja nayo haijui saizi, na dera ni la hosteli. Ila dera msilivae darasani, jamani.

Fundi: abane, asikate

Fundi ninayemtumia hapa Simbo ananitoza shilingi 2,000 kubana sketi au gauni. Nimejifunza kumwambia mambo matatu:

Moja, asikate kitambaa cha ndani ya mshono. Uzito huwa unarudi kwa watu wengi, na sio aibu. Kitambaa kikibaki, nguo itafunguliwa.

Mbili, kama bado unaendelea kupungua, apige bandi, yaani mshono wa muda wenye hatua ndefu. Mwezi ujao mnaufumua kwa dakika chache bila kuharibu kitu.

Tatu, akwambie ukweli nguo ipi haifai kuhangaikiwa. Sketi na gauni la kawaida hubanwa pembeni bila shida. Suruali ikibanwa sana, mifuko ya nyuma inakutana katikati, unaonekana kituko. Koti na shati ambalo mabega yameshuka ni kazi kubwa na gharama kubwa. Hizo mpe mtu, au mbadilishane hosteli: yupo anayepanda saizi wakati wewe unashuka.

Mtumba ununuliwe kwa futikamba

Sokoni Mwanga au Ujiji, usiamini lebo. Nguo ya Uingereza iliyoandikwa 14 ni karibu sawa na 10 ya Marekani na 42 ya nchi nyingi za Ulaya, na ikishafuliwa mara nyingi hata hiyo namba haina maana. Nunua futikamba, tembea nayo kwenye pochi. Pima kifua, kiuno na nyonga zako asubuhi kabla ya kutoka, andika kwenye simu. Ukifika kwenye lundo la jero au la buku, pima nguo yenyewe ikiwa imelazwa, zidisha mara mbili, umemaliza. Hujavua kitu na hujagombana na muuzaji.

Nunua inayokukaa leo, au yenye kubana kidogo tu. Usinunue ya mwili wa ndoto. Nguo ya "nitaivaa Desemba" ni hela ya msosi uliyoifungia kabatini.

Nguo za ndani ni habari nyingine. TBS imepiga marufuku za mtumba, kwa sababu za kiafya, kwa hiyo zitengee bajeti ya mpya. Kwa kina dada, sidiria ndiyo ya kwanza kubadilisha. Ikipwaya, hata blauzi nzuri haikai. Kwa kina kaka, mkanda ndio wa kwanza, na kutoboa tundu jipya hakugharimu kitu.

Hesabu yenyewe

Kwangu, kila nilipopungua kilo tano au sita ndipo nilipohitaji kugusa kabati. Awamu moja ilikuwa hivi: kubana nguo tatu, 6,000, mtumba wa kuchambua vipande viwili, 7,000, sidiria mpya, 5,000. Jumla 18,000. Posho ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, kwa hiyo awamu moja ni pungufu ya siku mbili za boom. Ukizitenga siku boom inapoingia, hazikuumi. Ukingoja mpaka chumba kizima kinakula ugali na dagaa kwa mkopo, ndipo utakopa na nguo, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hela kubwa iweke mwishoni. Ukikaa kwenye uzito uleule miezi mitatu mfululizo, shona suruali au suti moja ya heshima kwa vipimo vyako, maana usaili wa ajira unakuja. Kabla ya hapo, vipande sita au saba vinavyooana rangi vinatosha wiki nzima, na hakuna mwanafunzi atakayehesabu.

Wenye mafundi wazuri karibu na chuo, tupeane majina. Muhula ukianza, futikamba yangu mtaikuta hosteli, njooni mpime.